Kadi ya grafiki iliyotoka mgodini: jinsi ya kuinunua ukiwa Dodoma

Kadi yangu ya kwanza ya grafiki, kile kipande cha kompyuta kinachotengeneza picha za kwenye skrini, ilikuja na basi. Ilikuwa RX 580, imeviringishwa gazeti na mfuko wa mkate. Nikaichukua stendi ya Nanenane, nikapanda boda nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Kufika nyumbani ikawaka vizuri. Nikafungua gemu, picha safi, nikaanza kujisifu kwa watu. Dakika ya kumi na moja vikatokea vitone vya kijani, ikafuata mistari, halafu giza. Nikampigia muuzaji. "Kaka, hiyo itakuwa pawa saplai yako," akasema, akimaanisha boksi la umeme lililo ndani ya kompyuta. Jioni yake simu ikawa haipokelewi tena.

Yule bwana hakunidanganya moja kwa moja. Alinitumia video ya kadi ikiwaka, na kweli ilikuwa inawaka. Mimi ndiye sikuomba kuiona ikiwa imefanya kazi mpaka ikapata moto. Tangu hapo nimenunua nyingine kadhaa, zangu na za watu wa mtaani kwangu, nyingi zikiwa zimechimba kripto, zile sarafu za mtandaoni, na kila ninachokifanya siku hizi kina lengo moja: nusu ya saa ya kuitesa kadi kabla pesa haijatoka mfukoni.

Imetoka wapi, na imechoka wapi

Mpaka tarehe 15 Septemba 2022, mtandao wa Ethereum, moja ya sarafu hizo, ulikuwa unaendeshwa kwa kiasi kikubwa na kadi za grafiki. Watu walizipanga kwenye fremu, sita sita au kumi kumi, zikakesha zinakokotoa na kulipwa sarafu; huko ndiko kuchimba, na fremu hizo ndizo migodi. Siku hiyo Ethereum ikabadili mfumo, kazi ya kadi ikaisha usiku mmoja, na mzigo mkubwa ukaingia sokoni. Kabla ya hapo, mwaka 2021, China ilipiga marufuku uchimbaji, nako kukatoka mzigo wake. Kadi ikishaanza kutembea mkono kwa mkono, kufika Kariakoo na hatimaye Dodoma ni suala la muda tu.

Kuna anayeuliza kama kadi hizi zilichimba hapa hapa kwetu. Piga hesabu ya Luku. Kadi ya wati 120 ikikesha mwezi mzima inakula uniti 86 na ushee, kadi moja, bila kuhesabu kompyuta yenyewe. Tarifu ya nyumbani kwa watumiaji wadogo, ya shilingi 100 kwa uniti inaishia kwenye uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka ukahamishiwa T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, uniti inakuwa shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Ukiona kadi ya mgodini Dodoma, kuna uwezekano mkubwa imesafiri safari ndefu, na safari nayo ina majeraha yake.

Sasa cha muhimu. Hesabu ya Ethereum ilikuwa inategemea memori ya kadi kuliko chipu kuu. Kwa hiyo mchimbaji mwenye akili alishusha kasi na umeme wa chipu kuu, akapandisha kasi ya memori. Matokeo yake, chipu kuu ya kadi iliyochimba mara nyingi imeishi maisha ya utulivu kuliko ya kijana wa gemu. Waliochoka ni wawili: memori na feni.

Feni hasa. Mwaka una saa 8,760. Kadi iliyochimba miaka miwili, feni zake zimezunguka saa 17,520. Mcheza gemu wa saa nne kila siku angehitaji miaka kumi na miwili kufika hapo. Bahati nzuri feni hubadilishwa, na memori mbovu hujisema yenyewe ukijua namna ya kuiuliza.

Ndiyo maana simkimbii muuzaji anayesema wazi kwamba kadi yake ilichimba. Ninayemkimbia ni yule mwenye kadi nane zinazofanana mezani, kila moja ina stika ya namba, halafu anaapa kwamba zote alikuwa anachezea FIFA.

Hatua ya kwanza: fungua kompyuta yako kabla ya kutafuta kadi

Wengi wetu huku tuna desktopu za ofisini za mtumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, na ndugu zao. Ni mashine nzuri, lakini pawa saplai zake zimetengenezwa kuwasha kompyuta ya karani. Nyingi hazina waya wa pini 6 wala pini 8 wa kulisha kadi, na zile kasha nyembamba hazipokei kadi ya urefu wa kawaida hata ukiipiga na nyundo. Toa mfuniko, soma wati zilizoandikwa kwenye pawa saplai, angalia nyaya zilizopo, kisha pima kwa rula nafasi kutoka nyuma ya kasha hadi mbele.

Sloti ya kadi kwenye bodi hutoa hadi wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kwenye majina, GTX na RTX ni za kampuni ya Nvidia, RX ni za AMD: GTX 1660 Super inataka wati 125, RX 570 inataka 150, RTX 3060 inataka 170, RX 580 inataka 185, RTX 3060 Ti inataka 200. RTX 3080 ni wati 320. Hiyo nayo ni pasi ya umeme ndogo. Kwa RTX 3060, Nvidia wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 550, yaani wati 550 za kweli za kampuni inayojulikana. Lile boksi jepesi lililoandikwa "750W" ambalo ukilinyanyua ni kama limejaa hewa, liache dukani.

Halafu utakutana na fundi atakayekuambia kuna adapta ya kutoa umeme kwenye waya wa diski na kuupeleka kwenye pini 8. Mkatalie kwa heshima. Soketi ile ya diski aina ya SATA imepangiwa wati 54 upande wa volti 12. Ukiikamulia 150 inayeyuka, na nimeona iliyoyeyuka. Harufu yake haitoki chumbani wiki nzima.

Gharama ya pawa saplai mpya iweke kwenye bajeti ya kadi. Watu wengi wananunua kadi kwanza, halafu inakaa kabatini miezi mitatu ikisubiri umeme.

Hatua ya pili: jua unatafuta nini

Kama unahariri video za harusi na sendofu, au unafanya kazi za picha za 3D kwenye Blender, tafuta Nvidia. Programu nyingi za kazi hizo zinaelewana nayo zaidi. RTX 3060 yenye GB 12 za memori ndiyo ninayomshauri kila mwanafunzi wa UDOM anayeniuliza kuhusu mafunzo ya mashine, yaani kuifundisha kompyuta akili bandia, kwa sababu kwenye kazi ile memori inakwisha kabla ya kitu kingine chochote. Kwa gemu tu na bajeti ya kubana, GTX 1660 Super bado inajitahidi, na RX 570 au 580 ya GB 8 ni kadi ya kuanzia.

Ila jua umri wake. RX 580 ilitoka 2017, na AMD imeshaziondoa RX za 400 na 500 kwenye draiva zake kuu, zile programu zinazoiendesha kadi. Zinapata masasisho ya nadra. GTX za mfululizo wa 10, kama 1060 na 1070, Nvidia ilizipangia draiva ya mwisho ya michezo Oktoba 2025, na baada ya hapo ni viraka vya usalama tu hadi Oktoba 2028. Hazitakufa kesho, lakini bei yake lazima ifanane na umri wake.

RTX 3080 na 3090 za mgodini mimi nazipita. Memori zake za GDDR6X zina joto kali hata kwa mtumiaji wa kawaida, na 3090 ina nyingine upande wa mgongoni ambako upepo haufiki vizuri. Anayejua kuzifungua na kubadilisha pedi za kupitisha joto aendelee. Mimi nazipita.

Kisha kuna mitego mitatu ambayo kila mtu anaweza kuiona bila kifaa chochote, akijua tu.

Wa kwanza ni kadi zilizozaliwa mgodini. P106-100, P104-100 na zile za CMP kama 30HX na 40HX zilitengenezwa kwa uchimbaji tu. Hazina tundu hata moja la kuchomeka skrini. Muuzaji atakuambia "hii ni 1060 kabisa, chipu ileile", na chipu kweli ni ileile. Lakini ukiigeuza nyuma kuna bati tupu lenye matundu ya hewa. Wapo wanaozizungusha kwa kupitisha picha kwenye grafiki ya prosesa, wakihangaika na draiva usiku kucha. Kama si mpenzi wa mateso ya aina hiyo, rudisha mezani.

Wa pili ni kadi feki iliyoflashiwa jina. Kadi ya zamani kama GTX 550 Ti inabandikwa baiosi, programu iliyohifadhiwa ndani ya kadi yenyewe, inayoitambulisha kama GTX 1050 Ti. GTX za mfululizo wa 10 haziwezi kutoa picha ya VGA, ile ya tundu la bluu lenye pini 15. Ukiona "GTX 1060" yenye tundu la VGA, sema asante na uende zako.

Wa tatu ni RX 580 yenye maandishi madogo "2048SP". Hiyo kiuwezo ni RX 570 iliyovalishwa suti. Si mbovu, ila usilipe bei ya 580.

Hatua ya tatu: bei

Sitakutajia bei ya Kariakoo maana kufikia unaposoma itakuwa imeshabadilika. Kanuni yangu ni hii: tafuta kadi mpya yenye uwezo sawa inauzwa shilingi ngapi leo, siyo kadi ileile ilivyouzwa ilipotoka. Iliyochimba sivuki nusu ya hapo. Muuzaji akikukumbusha kwamba watu walikuwa wanaigombania hii mwaka 2021, mwambie mwaka 2021 ulishapita. RTX 3060 ilizinduliwa kwa dola 329 na 3060 Ti kwa dola 399, na ile michezo ya kuuzwa mara mbili ya bei ilichangiwa sana na uchimbaji wenyewe.

Toa tena gharama ya feni mpya, pedi, na pesti inayopakwa juu ya chipu kupitisha joto. Usione aibu kuzitaja kwenye mazungumzo. Ni kama kununua pikipiki na kutaja matairi.

Hatua ya nne: macho, pua na tochi ya simu

Chukua kadi mkononi, nenda kwenye mwanga. Anza na meno ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti: yasiwe na alama za kuungua. Juu yake kidogo kuna vipande vidogo sana vya kielektroniki vimejipanga kama punje za mtama. Kimoja kikiwa kimeng'oka utaona nafasi tupu yenye risasi ya kulehemu inayong'aa. Safari za malori na kurundikwa bila maboksi huvikwangua hivi sana.

Soketi ya umeme, ile ya pini 6 au 8, iangalie ndani. Plastiki ikiwa ya kahawia au imelainika, kuna moto uliwahi kupita. Bati la nyuma likiwa na kutu, kadi imelala kwenye unyevu, labda kontena, labda banda. Kutu ya bati pekee naweza kuisamehe kwa bei nzuri, ila nikiiona nachunguza na skrubu za ndani.

Mafuta mafuta yanayong'aa pembeni ya bati la kupoozea yasikutishe. Hayo ni majimaji yanayotoka kwenye pedi zilizokaa kwenye joto muda mrefu. Ni ushahidi wa uchimbaji, na ni ishara kwamba pedi zimekwisha. Kinachonitisha mimi zaidi ni kadi iliyo safi kupita kiasi: ubao unang'aa kama sahani iliyooshwa, chipu za memori nyeusi tititi wakati plastiki ya feni imepauka. Wapo wanaoziosha kwa maji, na wapo wanaopaka rangi kufuta ngozi ya kuungua. Kadi yenye vumbi lake la halali ni afadhali.

Skrubu zenye vichwa vilivyochubuka maana yake imefunguliwa. Uliza kwa nini. Jibu "nilibadilisha pesti" ni jibu zuri kabisa.

Feni: zungusha kila moja kwa kidole. Izunguke laini na isimame taratibu. Itikise juu chini. Ikicheza kwenye mhimili wake, muda wake umefika. Mwisho nanusa kadi. Vijana wa duka hucheka, lakini harufu ya kuungua haifutiki kwa brashi.

Hatua ya tano: nusu saa ya mateso

Hapa ndipo pa kukaa. Nenda na flashi yenye programu hizi, zote za bure au zenye toleo la bure: GPU-Z ya kuitambua kadi, HWiNFO ya kusoma joto, memtest_vulkan ya kupima memori, FurMark ya kuibana kadi, MSI Afterburner ya kurekebisha feni na kasi, pamoja na draiva rasmi ya kadi unayoifuata. Duka halina kompyuta ya kujaribia? Beba yako. Mimi nimeshabeba kasha zima kwenye bajaji kutoka nyumbani hadi mjini kati, kwenye zile barabara za namba, na muuzaji aliyeniona ninashuka nalo alipunguza bei kabla sijaongea. Muuzaji anayekataa kabisa kujaribiwa amekwishakupa jibu.

Kadi ikishachomekwa, sisitiza kompyuta iwashwe upya kabisa mbele yako, na hakikisha hakuna programu ya kubadili kasi inayojiwasha yenyewe. Kasi ya memori ikishushwa kidogo, memori mbovu inaweza kujifanya nzima kwa muda.

Fungua GPU-Z. Programu hii ikiweka neno FAKE mbele ya jina la kadi, kazi imeisha, rudi nyumbani. Isipoweka, soma sehemu iliyoandikwa Shaders: RX 580 halisi ina 2304, RX 570 ina 2048, GTX 1060 ya GB 6 ina 1280 na ya GB 3 ina 1152, RTX 3060 ina 3584. Jina likionyesha neno Laptop au Mobile kwenye kadi ya desktopu, umekutana na chipu ya laptopu iliyobandikwa kwenye ubao wa kadi. Hizo nyingi hugoma kupokea draiva rasmi, na kila sasisho litakuwa kesi mpya.

Angalia kasi ya memori ya kiwandani. RX 580 ya GB 8 kwa kawaida ni MHz 2000, RX 570 ni 1750, RTX 3060 ni 1875. Kwenye Radeon za 400 na 500 wachimbaji walikuwa na tabia ya kuandika upya baiosi ili memori ikimbie, kisha wakauza kadi hivyo hivyo. Dalili yake kubwa ni draiva rasmi ya AMD kugoma: unaisakinisha vizuri, Windows inaonyesha alama ya njano na kosa namba 43. Baadhi ya kadi zina swichi ndogo juu inayochagua baiosi ya pili. Zima kompyuta, sukuma swichi, jaribu tena. Isipokuwa na swichi, inaweza kuflashiwa baiosi yake ya asili, lakini hiyo iwe kazi ya muuzaji kabla hujalipa. Kwa Nvidia za GTX 10 kuja juu, tatizo hili halisumbui sana kwa sababu baiosi zake zina sahihi ya kiwanda.

Bado upo GPU-Z. Kwenye mstari wa Bus Interface kuna kitufe cha alama ya kuuliza. Kibonyeze, uipe kadi kazi ndogo. RX 580 au GTX 1660 Super inapaswa kupanda hadi x16, yaani njia zote 16 za data zinafanya kazi. Ikibaki x8 au x4, kumbuka zile punje za mtama, au meno machafu. Yafute kwa kifutio cha penseli, jaribu tena. Kwa haki ya muuzaji, RX 6600 ni x8 kwa kuzaliwa, usimgombeze.

Sasa memori. Endesha memtest_vulkan. Baada ya dakika tano itakuambia imefaulu au la. Kosa moja ni kosa. Usikubali "hiyo ni moja tu kati ya mabilioni". Memori mbovu haiponi, makosa yanaongezeka tu.

Kisha FurMark, dakika kumi, HWiNFO ikiwa wazi pembeni. Unasoma mambo mawili. La kwanza ni joto la chipu: kwa kadi nyingi nilizojaribu, kati ya nyuzi 65 na 80 nalala usingizi. Oktoba na Novemba Dodoma chumba chenyewe kinaweza kuwa zaidi ya nyuzi 30, kwa hiyo usiihukumu kadi ya duka la bati saa nane mchana kama ungeihukumu usiku. Kadi ya Nvidia inayogonga 83 ndani ya dakika mbili na kushusha kasi inataka kufunguliwa. La pili ni tofauti ya joto la chipu na lile linaloandikwa Hot Spot, yaani la sehemu yenye moto zaidi. Ikizidi nyuzi 25, pesti imekauka au mtu aliyeifungua alifunga vibaya. Huo ni ugonjwa wa kutibika, ila unashusha bei.

Wakati huo huo, sikiliza. Kwenye Afterburner peleka feni asilimia mia moja. Mlio wa upepo ni sawa. Mlio wa kukwaruza kama chawa wa chuma anatafuna bati si sawa. Kijisauti chembamba cha mbu kinachobadilika kadiri picha inavyobadilika si kasoro, ni koili za umeme zinatetema. Na kama feni hazizunguki kabisa kompyuta ikiwa imetulia, usianze ugomvi. Kadi nyingi husubiri joto lipande kwanza.

Dakika kumi nyingine cheza gemu lenyewe. FurMark inabana kadi kwa mzigo wa aina moja, gemu linapandisha na kushusha, na kadi nyingine huangukia hapo. Vitone vya rangi, pembetatu zinazoruka, skrini kuzima na kurudi: yote hayo ni memori au ubao, hata akisema ni waya wa skrini. Badilisha waya mbele yake ili hoja iishe.

Ikiwa bado ina moto, zima kompyuta na uiwashe hapo hapo. Kadi yenye ufa kwenye risasi ya kulehemu hupenda kugoma wakati huu. Halafu jaribu kila tundu la picha, HDMI na DisplayPort zote. Mchimbaji hakuwahi kuchomeka skrini, kwa hiyo hata yeye mwenyewe anaweza kuwa hajui kama tundu la pili limekufa.

Hatua ya sita: kadi ipo Dar, wewe upo Dodoma

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, jibu langu la kwanza ni: panda, nenda, jaribu, rudi. Unaenda asubuhi na kulala kwako. Kwa kadi ya laki kadhaa, nauli ni bima.

Kama huwezi, mtume shemeji au rafiki mwenye subira, mwenye flashi yako. Asiwe mtu wa kuogopa mawinga, wale madalali. Na kama hata huyo hayupo, omba video ya moja kwa moja, isiyokatwa: namba ya utambulisho ya kadi (serial number) isomeke kwenye stika, karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo iwe kando, kisha memtest na FurMark ziende mwanzo hadi mwisho simu ikiwa hewani. Muuzaji atachoka kushika simu. Mwache achoke.

Kishika uchumba toa kidogo, kiasi ambacho kikipotea hakitakunyima kula. Kadi ifungwe kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha sponji, kisha boksi gumu. Ikifika, rekodi video tangu boksi likiwa na selotepu yake, na linganisha namba ya utambulisho na ile uliyoiona.

Hatua ya saba: karatasi

Dukani dai risiti ya EFD, na iandikwe jina la kadi, siyo "spea za kompyuta". Kwa mtu binafsi, andikianeni karatasi fupi: aina ya kadi, namba yake ya utambulisho, bei, tarehe, majina, namba za vitambulisho, sahihi. Inaonekana kama kuuziana shamba, lakini siku polisi wanatafuta kompyuta zilizoibwa hosteli, karatasi hiyo ndiyo inayokutenganisha na mwizi. Dhamana iwe siku saba angalau, na iandikwe. Ya mdomo huishia mlangoni.

Hatua ya nane: ikishafika nyumbani

Ondoa draiva za zamani kwa DDU, programu ya kuzifuta kabisa, weka mpya. Puliza vumbi kwa blowa ukiwa umeshika mapanga ya feni yasizunguke. Ukiamua kufungua na kubadilisha pesti, piga picha kila hatua na panga skrubu kwenye karatasi kwa mpangilio wake. Pedi zina unene wake. Ukiweka nene kuliko za awali, bati halitagusa chipu vizuri na kadi itachemka kuliko mwanzo. Pima ya zamani, nunua unene uleule. Lakini kama dhamana bado inaendelea, usiguse hata skrubu moja, maana hiyo ndiyo sababu muuzaji anayoisubiri.

Kwenye Afterburner shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 80. Kwenye gemu utapoteza kidogo sana, joto na kelele vitapungua kwa kiasi utakachokisikia. Umeme wetu ukikatika na kurudi kwa kishindo, UPS au stabilaiza itakusaidia. Usiku wa radi chomoa kabisa.

Na vumbi la Dodoma ni somo peke yake. Kuanzia Juni upepo ukianza, lile vumbi laini linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Kasha lisikae sakafuni. Mbele ya feni za kuingiza hewa mimi navuta kipande cha soksi ndefu ya nailoni ya kike na kukibana kwa selotepu ya karatasi. Mke wangu alicheka mara ya kwanza, sasa ananiletea zilizochanika. Kila baada ya wiki tatu nakitoa, nakifua, na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa.

Jioni ya siku ya sita ya dhamana, iendeshe memtest kwa saa nzima, siyo dakika tano. Ikileta kosa, bado una kesho ya kurudi kwa muuzaji na karatasi yako mkononi.